Viti vya Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya kwanza ya likizo. Wiki nzima bila kusoma mita ya maji ya mtu yeyote. Nimeamka nimefurahi. Kisha nikakumbuka nilichosema jana mezani, furaha ikaingia mitini.

Nilichosema ni hiki: Jumamosi nitamvusha mama mkwe kwa pantoni yangu. Nilisema kwa sauti. Nilisema mbele ya mke wangu, mbele ya shemeji, na mbele ya mama mkwe mwenyewe, ambaye aliacha kutafuna akanitazama.

Habari yenyewe iko hivi. Mama mkwe ana dada yake ng'ambo ya ziwa. Miaka miwili hawajaonana. Barabara inazunguka ziwa zima, saa nne za mashimo, na mgongo wa mama mkwe hauwezi hata robo yake. Jumapili dada mtu anahama kabisa, anakwenda kukaa na mwanawe wa kwanza, ndege mbili na basi moja kutoka hapa. Wote wawili wameshapita sabini na tano. Wasipoonana Jumamosi, kila mtu anajua maana yake, ila hakuna anayeisema.

Shemeji, kaka yake mke wangu, alijitolea kumvusha yeye. Boti yake ni nyembamba, ina ubao wa kukalia usio na pa kuegemea. Mama mkwe akasema saa nzima juu ya ubao ule atafika amekunjika na hatakunjuka tena. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nikasema pantoni yangu ina viti vya kuegemea, vyenye mito na mikono. Sikudanganya. Viti inavyo. Ila haviko ndani yake.

Niieleze pantoni, kwa faida ya wajukuu watakaosoma shajara hii. Si ile kubwa ya kuvusha magari. Ni ndogo: sakafu bapa ya mbao, chini ya sakafu vyuma vya alumini vilivyokingama, na chini kabisa maboya mawili marefu ya alumini yanayoifanya ielee. Niliipata kwenye hoteli iliyofungwa. Imekaa uani juu ya magogo mwaka na miezi mitano, naikarabati. Mke wangu husema naikarabati kwa macho.

Injini ilishatengenezwa. Sakafu ni mpya. Kilichobaki ni viti. Mito mizima, migongo mizima, lakini masanduku ya chini, yale yanayokishikilia kiti kwenye sakafu, yameoza. Leo nimefunua turubai nikagusa moja. Kidole kimezama. Ni chipbodi, vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, limekunywa maji hadi likawa uji. Nimecheka peke yangu uani. Mtu gani mwenye akili zake anaweka chipbodi kwenye boti?

Mchana nimepata suluhisho. Kabati kuukuu la nguo, liko stoo, halina kazi. Milango yake minene, myeupe, imenyooka. Mke wangu ameuliza kabati lile ni la nini. Nimemwambia la mbao. Akauliza mbao gani. Nimemwambia mbao za kabati. Amenitazama kidogo, akaendelea kukunja nguo.

Nimelala kidogo mchana kwa amani. Shida imekwisha siku ya kwanza.

Jumanne, 10 Juni

Nimekata kabati. Msumeno umetoa unga badala ya maranda. Ndani ni rangi ya biskuti, punje punje. Nikajua ninachokiona. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango dakika kumi nikifikiri kama mtu mzima.

Uamuzi: chipbodi ya hoteli ilioza kwa uzembe wa hoteli. Yangu itapakwa rangi. Rangi nzuri, ya mafuta, pande zote. Maji hayana meno.

Hadi saa tisa masanduku mawili yamesimama, meupe, yanang'aa. Nimekaa juu ya la kwanza, limenibeba. Nimekaa juu ya la pili, limenibeba pia. Nimemwita mke wangu aje ashuhudie.

Amekuja na ndoo. Ndani ya ndoo mna kipande cha mlango nilichokipaka rangi asubuhi kwa majaribio na kukisahau. Alikitumbukiza kabla ya adhuhuri bila kuniambia. Amekitoa, amekiminya pembeni kwa vidole viwili, kikameguka kama keki. Kisha amezungusha skrubu katikati yake na kuichomoa kwa mkono mtupu. Hakupiga kelele. Ameuliza tu: mgongo wa mama yake ungefika nusu ya ziwa, au robo?

Nimemwambia jaribio hilohilo ndilo nililokuwa nimelipanga. Amesema ndiyo, anajua.

Jioni shemeji amepita kusalimu. Yeye hapiti kusalimu. Amegonga masanduku yangu kwa ngumi, akasema ni maridadi. Akisema kitu ni maridadi ujue kimekwisha. Akaongeza kwamba boti yake iko tayari, na kwamba mama anaweza kukalia mto. Nimejikaza kisabuni. Nimemwambia masanduku haya ni ya kuonyesha umbo tu, yale ya kweli yanakuja.

Lakini moyoni namshukuru Mungu kwa ndoo ile. Kama si ndoo, lingekuwa ziwa.

Jumatano, 11 Juni

Anayejua mambo ya boti hapa ni mtu mmoja. Fundi wa Gati, mama wa miaka sitini hivi, ana banda lake pale zinapofungwa boti. Ndiye aliyeitengeneza injini yangu. Shida ni kwamba siku ile nilimuuliza mbele ya watu breki ya pantoni iko wapi. Alicheka hadi akaweka spana chini. Siwezi kumuuliza kitu tena hadi nife.

Mbinu: nimekwenda kumuuliza kwa niaba ya rafiki yangu. Nimemwambia nina rafiki, anakarabati pantoni, anataka kufunga viti, hajui atumie nini. Maskini, si mtu wa boti.

Amesema rafiki yangu atengeneze masanduku kwa plaiwudi ya majini, ile ambayo gundi yake haiogopi maji, na kingo zake azizibe vizuri kwa rangi. Asiguse chipbodi. Nikasema rafiki yangu hawezi kuwa mjinga kiasi hicho. Akasema vizuri. Kiti kisishikwe kwa skrubu, kwa sababu mtu akiegemea na wimbi likipiga, skrubu hung'oka na mtu wake. Kishikwe kwa bolti za stenlesi zinazopita sakafu nzima hadi chini. Na kabla ya kukaza nati, aweke vibati vipana chini ya sakafu, ili uzito usambae. Na aangalie sana mbao za dawa, zile za kijani zilizolowekwa ili mchwa asizile. Dawa yake ikigusana na alumini penye maji, inaila alumini.

Nimeandika yote. Nikafunga daftari, nikashukuru, nikaanza kuondoka. Nyuma yangu akawa anasema kitu kingine, habari za vipimo, maboya na urefu wa drili. Vipimo kila mtu anavijua.

Getini nani? Shemeji. Ameuliza nimetoka kujifunza nini. Alikuwa na ule uso wake wa kuuliza bei. Nikashikwa na hasira, na hasira ikishanishika mimi huwa nadanganya. Nimemwambia siri yote iko kwenye mbao za dawa. Kwamba boti bila mbao za dawa ni beseni. Ameitikia kwa kichwa polepole, akaenda zake.

Nimecheka njia nzima. Na aziweke kwenye boti yake ya alumini, ziile.

Nimepata plaiwudi, bolti na vibati. Muuza vyuma ameuliza urefu wa bolti. Nimemwambia anipe ndefu. Ndefu haikosi kufaa. Jioni yote nimekata plaiwudi, na mke wangu amenishikia upande wa pili bila neno la kejeli. Masanduku mapya ni magumu kama meza ya hakimu. Nimejiona mtu.

Alhamisi, 12 Juni

Saa nne asubuhi gari dogo la mizigo limesimama mlangoni. Ameshuka mama mkwe. Nyuma ya gari, vipande vinne vya mbao. Vya kijani.

Mama mkwe amesema mwanawe alimweleza kwamba kinachonikwamisha ni mbao za dawa. Amesema safari ni yake, hapendi nihangaike peke yangu, ametaka na yeye awe na mkono wake kwenye viti hivyo. Amezichagua mwenyewe dukani, moja moja, ameangalia kama zimepinda. Kwa mgongo ule.

Nimemshukuru. Nimeshukuru tena. Shemeji alikuwa nyuma yake, uso mkavu kabisa. Siwezi kujua kama ni mjinga au ni shetani. Ameuliza nitaziweka wapi, maana mama angependa kuziona Jumamosi. Mama mkwe akasema ndiyo, angependa.

Wameondoka. Nimeshikwa pabaya. Nikizifunga kwenye vyuma vya pantoni, zitaila alumini. Nisipozifunga, mama wa watu atatafuta mbao zake na hatazikuta.

Mbinu ya kwanza: kuchukua mbao za kawaida na kuzipaka rangi ya kijani. Nimeanza. Mke wangu amerudi kutoka sokoni akanikuta nina mikono ya kijani hadi kwenye viwiko, nimezungukwa na mbao za kijani na mbao nyingine za kijani. Ameuliza. Nimejaribu kueleza bila kutaja uongo wangu wa jana. Haielezeki hivyo. Ikabidi niseme yote.

Ameegemea ukuta akacheka hadi akaketi chini. Kisha amefuta machozi akasema mama yake akikaa hupenda kuinua miguu kidogo, mgongo hupumzika. Kwa nini mbao hizo zisiwe kibao cha kuwekea miguu? Kinakaa juu ya sakafu, hakigusi alumini popote, na ndicho kitu cha kwanza atakachokiona akikaa.

Hata mimi nilikuwa naelekea huko.

Tumekitengeneza pamoja mchana, yeye akipima, mimi nikipiga msasa. Tumekipaka rangi ili dawa isimshike miguuni. Sijui tangu lini hatujafanya kitu pamoja bila mmoja kutazama simu. Amesema kama mama yake hatamwona dada yake, yeye hatajua amwangalie vipi. Amesema bila kuinua kichwa. Nimemwambia atamwona. Sikuwa natia chumvi.

Ijumaa, 13 Juni

Leo naandika yote kama yalivyokuwa.

Mke wangu alikwenda kazini akaniachia agizo moja: nisitoboe sakafu mpaka arudi, apite chini atazame. Nimesubiri mpaka saa tatu na robo.

Kazi ilikuwa nyepesi mno. Nimechora kwa chaki mahali pa viti viwili, nikaegemeza ramani yangu ya viti kwenye ndoo ya rangi, nikaanza. Kiti kimoja bolti nne. Matundu saba yametoka safi. Vibati nimeviweka juu ya sakafu, kwa sababu vinang'aa na chini hakuna atakayeviona. La nane drili imepita mbao, ikaendelea. Nikaona ajabu kidogo. Nikaisukuma. Ikaendelea tena, kwa mlio mwembamba. Nilipoichomoa ilikuja na vinyuzi vya rangi ya fedha.

Nimepita chini. Boya la kushoto, upande wa juu, lina tundu. Ukubwa wa harage.

Nimeketi chini ya pantoni yangu. Kisha nimefanya mambo ambayo sijivunii. Nimeziba kwa sabuni. Juu ya sabuni nimeweka silikoni. Juu ya silikoni nimepaka rangi. Ikapendeza. Ukiangalia huoni kitu. Nimepanda juu, nimefunga kiti, nimekaa. Kiti hakitikisiki. Ni kiti bora kuliko vyote nilivyowahi kukalia, na kiko juu ya boti ambayo nimeitoboa.

Nilikuwa nyumbani peke yangu. Hakuna aliyeona. Nimefikiria kunyamaza, naandika hapa kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu bado. Nimefikiria kabisa. Halafu nikamwona akilini mama mkwe dukani, anainama na mgongo wake, anakagua mbao moja moja kama zimepinda. Nikavaa viatu.

Fundi wa Gati alikuwa anakunywa chai. Nimemwambia rafiki yangu ametoboa boya. Ameweka kikombe chini. Ameuliza rafiki yangu bado anamvusha mama mkwe wake kesho saa mbili asubuhi? Nimejua hapo kwamba gati zima linajua. Nimemwambia ni mimi. Amesema alidhani hivyo, akaenda kuchukua sanduku la vifaa.

Mke wangu amerudi mapema akakuta miguu minne imetokeza chini ya pantoni. Nimetoka nikamwambia mwenyewe, kabla hajauliza: nimetoboa, nimeficha, nimejuta. Ameketi juu ya gogo. Uso wake sitausahau. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyekuwa ameanza kuamini kitu.

Fundi alikuwa analigonga boya kwa mpini wa bisibisi, kutoka mwisho hadi mwisho. Ngo, ngo, kisha mlio ukabadilika, kisha ukabadilika tena. Akasema tusikilize. Boya si mtungi mmoja. Ndani limegawanywa vyumba vitatu, na vyumba havipitishiani maji. Nimetoboa chumba cha katikati cha boya moja. Hata kingejaa maji chote, vingebaki vitano. Pantoni ingeinama kidogo upande mmoja, mama angelowa viatu, tungefika.

Nimeketi chini kwenye vumbi, nikacheka, kisha sikucheka. Mke wangu ameniwekea mkono kichwani. Hakuwa ameniwekea mkono kichwani tangu nilipougua mwaka juzi.

Fundi amekwangua sabuni, silikoni na rangi yangu, akiuliza kila tabaka hii ni nini tena. Ameziba kwa kipande cha alumini, ribiti na gundi yake maalumu. Amezikata bolti zangu ndefu. Vibati amevitoa juu akavipeleka chini, akasema havikuwekwa duniani ili vipendeze. Kisha amejaza upepo kwenye boya na kupaka povu la sabuni kuona kama pana panapovuja. Hapavuji. Nimemwambia sabuni ilikuwa wazo langu. Ameanza kukusanya vifaa vyake.

Nimelewa kwa kupona. Sijanywa kitu.

Jumamosi, 14 Juni

Nianze na asubuhi.

Shemeji amekuja na gari na tela, hakuitwa. Ameikokota pantoni hadi majini polepole kama amebeba mayai. Imeelea. Sikuamini. Nilikuwa nimeshikilia kamba kana kwamba ningeweza kuizuia isizame. Shemeji ameuliza kwa upole kama nataka aje nyuma na boti yake, kama tahadhari. Nimemwambia hakuna haja. Kisha nimemwambia aje.

Mama mkwe amefika amevaa nguo ya sherehe. Hapo ndipo mke wangu aliponivuta pembeni. Ameuliza viti vinaangalia wapi.

Nimetazama. Kiti kimoja kinaangalia mbele, kama kiti cha Mkristo yeyote. Kingine kinaangalia nyuma. Vinatazamana, magoti kwa magoti, na kibao cha miguu katikati. Ramani. Niliiegemeza kwenye ndoo, nikazunguka upande wa pili, nikachora alama za kiti cha pili nikiwa nimesimama kinyume. Siku nzima jana tulikuwa chini tunatazama tundu, mimi na mke wangu hatukutazama juu. Fundi alisema baadaye alidhani nimekusudia.

Muda wa kufungua bolti nane haukuwepo. Mama mkwe amepanda. Ameketi kwenye kinachoangalia mbele, ameinua miguu, ameona kibao, ameuliza kama ni mbao zake. Nimemwambia ndizo. Amezigonga kwa kisigino mara mbili, akaegemea. Mke wangu ameketi mbele yake kwenye kile cha kinyume. Nikawasha injini.

Saa nzima nilisimama kwenye usukani nikisikiliza. Kila mlio nilidhani ni boya. Kila wimbi nilimgeukia mama mkwe. Katikati ya ziwa alikuwa amesinzia. Kiti hakikutikisika hata mara moja.

Ng'ambo tumekuta shida ambayo hakuna aliyeifikiria. Gati la kule ni la juu, ngazi kumi na nne za zege, hazina pa kushika. Mama mkwe ameziangalia. Amejaribu ya kwanza. Amerudi chini akashika mgongo wake, akasema si neno, amefika, ameiona nchi ya dada yake, inatosha. Hakuna mtu aliyeamini kwamba inatosha. Mke wangu amegeukia majini.

Halafu juu ya ngazi akatokea bibi mdogo wa umbo kuliko nilivyomkumbuka, mkongojo mkononi, majirani wawili wamemshika makwapa. Akasema kama dada yake hawezi kupanda, yeye atashuka. Ameteremka ngazi zote kumi na nne, moja moja, anahesabu kwa sauti. Shemeji ameruka kutoka boti yake akambeba ngazi mbili za mwisho. Tumempitisha ndani. Mke wangu amesimama. Bibi ameketi kwenye kiti kilichoangalia nyuma.

Magoti yao yakagusana. Wakashikana nyuso. Kisha dada mtu akasema mdogo wake amekonda, na mama mkwe akasema aliyekonda ni yeye, wakaanza kugombana kuhusu hilo, na mke wangu akalia wazi wazi bila kujificha.

Wamekaa hapo tangu saa tatu hadi saa tisa. Hawakushuka. Majirani wameteremsha chakula, picha, mashuka aliyokuwa anagawa kabla ya kuhama. Jua likageuka, sisi tukageuza miavuli. Miguu yao minne ilikuwa juu ya kibao kimoja. Shemeji na mimi tumekaa kwenye ngazi. Amesema kazi nzuri. Nilisubiri aseme maridadi. Hakusema.

Wakati fulani dada mtu ameuliza nani aliyewaza kuviweka viti hivi vitazamane. Mama mkwe amesema ni mkwe wake. Amesema alijua wanawake wawili wazee hawana muda wa kugeuza shingo. Wote wamenitazama. Nimeangalia maji. Mke wangu ameniangalia mimi. Sikukanusha.

Kuagana sitakuandika. Baada ya kuagana, dada mtu akiwa amekalishwa juu kabisa mwisho wa ngazi, mama mkwe amefanya kitu ambacho sikukitarajia. Amehamia kiti cha pili, kile cha kinyume. Nikaondoa pantoni, na yeye akaenda hivyo, mgongo umeegemea, uso nyuma, anamtazama dada yake tangu tulipokuwa karibu hadi alipokuwa doa jeupe, hadi doa likaisha. Hakulazimika kugeuka hata mara moja.

Tulipofika nyumbani amesema sasa yuko sawa. Amesema likitokea la kutokea, yuko sawa. Nimeingia ndani nikalia kidogo, kwa raha.

Jumapili, 15 Juni

Chakula cha mchana, watu wote mezani. Mama mkwe amesimulia viti vyangu mara tatu, na kila mara nimekuwa na akili zaidi. Mara ya tatu hata mimi nimeanza kukumbuka nilivyokaa nikawaza suala la shingo. Nimemweleza shemeji kwamba kwenye ubunifu, kitu cha kwanza ni kumwelewa mkaaji. Ameniuliza na tundu je. Nimemwambia tulikuwa tunapima vyumba.

Saa nane simu imelia. Dada mtu, kutoka uwanja wa ndege. Amesema amelala usiku mmoja tu wa kweli tangu mwaka uanze, nao ni wa jana. Amesema mwanawe amekubali: atarudi kututembelea mwezi wa kumi na mbili, mwezi mzima, na atakachotaka ni kukaa kwenye viti vilevile na mdogo wake, safari hii katikati ya ziwa. Ila jua lilimchoma. Ameuliza kama pantoni inaweza kupata paa.

Mama mkwe amenigeukia na uso ambao mwanamume hawezi kuukatalia kitu. Nimesimama. Nimesema paa lipo. Nimesema kwa sauti.

Na kweli lipo, karibu. Jirani yetu amebomoa dari ya sebule, ana mabamba ya jasi, unga mweupe uliogandishwa kati ya karatasi, yamejaa ukumbini, meupe, mepesi, yamenyooka vizuri. Ametaka kuyatupa! Nimemzuia nikiwa bado na kijiko mkononi. Sioni haja ya kumsumbua Fundi wa Gati kwa jambo dogo namna hii, na rafiki yangu naye nimempumzisha.

Mke wangu ameuliza jasi ikikutana na mvua itakuwaje. Nimemwambia kukutana na mvua ndiyo kazi ya paa. Ameinuka, amechukua ile ndoo, ameenda kuijaza maji. Naona ameelewa.